Kasha la Baba na Ndimu za Mkeo

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro,
S.L.P. 217.

Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako ambaye, ukimwona leo, utadhani ametoka kuugua. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na wale wenye hoteli wamekupa glavu mpya kama walivyokuahidi. Nakuwaza sana unaposhuka kwenye mashimo ya lifti zao. Usishuke peke yako, na usiwe unamwamini kila mtu anayekuambia umeme umezimwa.

Huku wazima. Miguu ya mama imevimba kidogo kwa ajili ya joto, ila anakula vizuri, na ulimi wake hauna ugonjwa wowote, kama utakavyoona mbele. Mimi nashona sare za shule usiku na mchana maana shule zinafunguliwa, na kila mzazi anakuja dakika ya mwisho kisha ananinunia kama vile mimi ndiye niliyemzaa mtoto wake. Paa la jikoni tumeliziba. Yule paka uliyekuwa unampenda amehamia kwa jirani na hatusalimu.

Sasa nije kwenye mashindano, maana najua umeshaanza kurukaruka mistari ukiyatafuta.

Kwanza nikukumbushe maneno yako mwenyewe, usije ukasema nimetia chumvi. Ulisema umechoka kusuluhisha wanawake wawili kwa simu. Kasha la sarafu za baba limekaa kabatini kwako tangu tulipomzika, mimi nalililia, mkeo halitoi. Ukaamua kwamba yeyote kati yetu ambaye meza yake itampita mwenzake kwenye maonyesho ya chama cha wakusanya sarafu mwaka huu, kasha ni lake, na maneno yaishe. Ulijiona umetoa hukumu ya haki kabisa. Ulituweka ulingoni, ukakaa zako huko mbali ukisubiri matokeo, na ulijua fika nani atashinda.

Maana sarafu zangu zinatoka wapi? Zinatoka kwenye chenji za wateja na kwa wauza vyuma chakavu, ambako nachakura mpaka kucha zinaniuma. Za mkeo zinatoka kwako. Watu wa dunia nzima wanaingia kwenye lifti za hoteli yako, wanadondosha sarafu kwenye ule upenyo wa mlangoni, nawe unashuka na tochi unaziokota. Sarafu zilizolala kwenye vumbi na grisi tangu hujazaliwa, zenye vichwa vya wafalme ambao nchi zao hazipo tena. Zote ulimtumia yeye. Mimi, dada yako niliyekubeba mgongoni, ulinitumia kalenda.

Kwa hiyo kila Jumapili nilikuwa nakwenda kwake kuziangalia. Nilikuwa nakula kwa macho, sikufichi. Alizipanga kwenye trei za bati alizotandika kitambaa chekundu, akizifunua moja moja na kuniangalia usoni aone inavyoniuma. Iliniuma sana. Nikirudi nyumbani na kufungua zangu, naona vifungo. Mwaka jana alikuwa wa pili kwenye chama na mimi sikutajwa kabisa, na njia nzima ya kurudi alinifariji. Hakuna kitu kibaya kama kufarijiwa na wifi.

Unamjua mkeo na usafi wake. Huyu ni mwanamke anayefua kamba ya kuanikia nguo. Sufuria zake anazisugua hadi chini, pale panapokaa moto, unaweza kujitazama ukachana nywele. Wiki moja kabla ya maonyesho nilimkuta ana wasiwasi. Alitaka kasha hilo libaki kwake kwa nguvu zote, si kwa kumpenda baba, ila kwa sababu mimi nalitaka. Akaninyooshea ile sarafu yako kubwa ya fedha, iliyokuwa nyeusi kama chai ya rangi.

"Wifi, huoni kama zimefubaa? Wageni wakija wataonaje?"

"Wewe na usafi wako wote, wifi," nikamwambia, "utashindwaje?"

Basi. Sikusema neno jingine. Nilimaliza chai yake, nikamshukuru, nikaondoka zangu. Nilipofika kwenye kona nilimwona kwa dirisha amebeba beseni.

Wewe unajua, na mimi najua, kwamba sarafu ya zamani haioshwi. Baba alitufundisha tukiwa wadogo, wote wawili tumekaa miguuni pake ametoka kukata tiketi za treni. Alisema ule weusi ndio ngozi yake, umekaa miaka mingi ukiilinda, na ukiusugua umeichuna sarafu ikiwa hai. Hakuna mkusanyaji atakayeigusa tena, na hairudi ilivyokuwa hata ufanye nini. Na kabla ya kunikunjia uso huko uliko, jiulize mwenyewe. Umemwoa miaka yote hii, umemtumia sarafu bahasha kwa bahasha, na hukupata nafasi ya kumwambia neno moja tu kwamba haziogeshwi? Alikuwa mkeo, hakuwa wangu.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi, kwenye ule ukumbi ulio juu ya duka la mikate. Mkeo alikuja na gauni jipya ambalo nilimshonea mimi, na nilimtoza bei kamili. Akafunua trei zake. Mdogo wangu, natamani ungekuwepo. Zilikuwa zinang'aa kama vijiko vya harusi. Alikuwa amezisugua kwa majivu na ndimu na mswaki wa zamani, wafalme wako wote wamebaki hawana pua. Watu walisogea kwa sababu ya mng'ao, kisha wakaona, wakarudi nyuma.

Mwenyekiti ni yule daktari wa meno aliyestaafu, unamkumbuka, aliyekung'oa gego ukamng'ata. Aliinama na kioo chake cha kukuzia, akaichukua ile kubwa ya fedha, akaigeuza, akairudisha polepole, nadhani ndivyo alivyokuwa akifanya kwa jino lisiloweza kuokolewa.

"Mama, hizi zimeoshwa."

"Zote, daktari," mkeo akajibu, anatabasamu. "Hata moja sikuacha."

Kinyozi, ambaye ndiye bingwa wetu, aligeukia ukutani ili acheke vizuri. Mke wake hakuhangaika hata kugeuka. Mkeo alikuwa bado anatabasamu, akiangalia huku na huku kama mtu aliyeingia kwenye msiba akidhani ni sherehe, na kidogo kidogo lile tabasamu likamfia usoni. Hapo nikasogea, nikamshika bega, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma ya ukumbi:

"Msimcheke jamani. Hajui mambo ya sarafu, masikini."

Sikudanganyi, nilifurahi. Nilisikia raha mpaka kwenye unyayo. Miaka yote ya kufunuliwa vile vitambaa vyekundu ililipwa mara moja. Akaniangalia, halafu akauangalia mkono wangu begani kwake, na nikaona ameikumbuka ile siku ya chai. Alifunika trei zake moja moja, akashuka ngazi.

Meza yake iliondolewa mashindanoni. Mimi nilikuwa wa saba kati ya tisa. Usicheke, masharti yako hayakusema nikishinde chama kizima. Yalisema nimpite mkeo, na nimempita.

Jumapili nikaenda kuchukua kasha. Nilivaa vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, labda na machozi, na nilikuwa na majibu mazuri ya kila aina. Alikuwa amelifunga kasha kwa kanga safi iliyopigwa pasi. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima, mlangoni, bila kunikaribisha ndani.

"Nimekusafishia na za baba, wifi," akasema. "Sikutaka uzipokee zikiwa chafu."

Nikalifungua palepale kizingitini. Ile pamba ambamo baba alizilaza sarafu zake ilikuwa bado imelowa, inanuka ndimu. Alizisugua asubuhi ile ile. Alishajua. Alisimama mbele ya daktari wa meno na watu wakamcheka, akajifunza somo lake, akarudi nyumbani, akalala, akaamka, akakata ndimu. Ile yenye tundu, ambayo baba alikuwa anaizungusha kidoleni akiwaza, imekuwa nyembamba kama kucha. Ile ya shaba, yenye pale palipolika kwa dole gumba lake, imekuwa ya njano, haina alama ya mtu. Nililia njiani, mdogo wangu, mbele za watu, na sikujali. Dole gumba la baba lilikuwa pale. Sasa halipo popote duniani.

Ungedhani yameishia hapo. Sikia.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ananisubiri sebuleni. Alikuwa ameoga mapema kwa ajili ya kasha hilo, amevaa na ushungi wake mzuri. Unajua yeye na zile sarafu, hajui thamani yake wala hajali, lakini amezipokea mikononi mwa mumewe maisha yake yote na anazijua moja moja kama anavyotujua sisi. Nilitaka kusema nimelisahau huko huko. Akaniambia nilete. Akafungua, akaichukua ile yenye tundu, akaipeleka puani, akaiangalia sana.

"Hizi si za mume wangu," akasema. "Za mume wangu umemuuzia nani?"

Nilimweleza. Nilimweleza mara mbili, nikapiga magoti. Nikamwambia ni zile zile, zimesuguliwa tu, na aliyezisugua ni mkwewe. Akaniuliza, kwa nini mwanamke aliyelitunza kasha vizuri miaka yote hii aje aliharibu siku ninapolichukua mimi? Akasema sarafu mpya kama hizi ziko tele kwa wauza vyuma ninakochakura kila wiki. Akasema tangu utotoni nilikuwa siwezi kuona mwenzangu ana kitu, na kwamba nimemuuza baba yangu ili nimfikie kinyozi. Kisha akafunga kasha na kulisukuma upande wangu wa meza, kwa kidole kimoja.

Jana mkeo alikuja kumsalimu mama, na nikashukuru kumwona, ujue nimefika wapi. Nilimkaribisha kiti kizuri, nikamtilia chai kwa mkono wangu. Nikamwomba, mbele ya mama, aseme ukweli tu, kwamba sarafu ni zile zile na yeye ndiye aliyeziosha. Neno moja lingetosha. Akakoroga chai yake, hakuniangalia.

"Mimi sijui mambo ya sarafu, mama. Anayejua ni wifi."

Halafu akanywa. Alikinywa kikombe chote taratibu, akasifia majani, akamkanda mama miguu.

Kwa hiyo nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba. Mwandikie mama. Mwambie sarafu ikisuguliwa inakuwa vile, mwambie baba alitufundisha, atakuamini wewe. Au mlazimishe mkeo aseme. Usinijibu kwamba nimejitakia. Mimi sikuosha sarafu hata moja, na uongo sikusema hata kidogo, si jikoni kwake wala ukumbini. Kama ni kunyamaza, umenyamaza wewe miaka mingi kuliko mimi. Na ukiona huwezi kumwandikia, basi usinitumie kalenda tena.

Nisalimie rafiki yako fundi wa mabomba na mkewe, na yule mama anayekupangisha chumba. Shangazi anakusalimu, anauliza lini utakuja. Mjomba naye anakusalimu, anauliza lini utatuma. Mungu akushike mkono kila unaposhuka kwenye mashimo hayo, akupandishe salama, na asikuonjeshe hii ninayoila mimi wiki hii.

Salamu za mama sina. Siku zote yeye husema na mimi huandika, lakini safari hii amekataa, amemwita mkeo aje amwandikie. Wako sebuleni sasa hivi na mlango wameufunga. Mkeo ana mwandiko mzuri, na posta iko njiani kwake, kwa hiyo barua yao huenda umeshaisoma.

Akupendaye kuliko unavyostahili,

Dada yako.