Tumbo la Ato Belihu na Mkono wa Weyzero Zenebech

EDIR YA MTAKATIFU GABRIELI, UPANDE WA CHINI WA MTO BERESSA, DEBRE BIRHAN

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA CHAMA CHA MAZISHI

Tarehe: Jumapili, 29 Miyazia 2015, kalenda ya Ethiopia
Mahali: Ghala la hema na masufuria ya edir

Waliohudhuria:
1. Ato Wondifraw Zeleke – Mwenyekiti
2. Ato Shimelash Teferra, mwalimu mstaafu wa jiografia – Katibu
3. Ato Belihu Metaferia – Mtunza hema
4. Sista Emebet Kassa, muuguzi – Mjumbe
5. Weyzero Zenebech Mulat, aliyekuwa mkuu wa jiko – Mwalikwa

Asiyehudhuria: Ato Getnet Shibeshi – Mjumbe (harusi ya mpwa wa mkewe, ya tatu mwaka huu, udhuru ulikubaliwa kwa shingo upande)

KUMB. NA. 1/8/2015: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nne na nusu asubuhi, baada ya kusubiri watu watoke kanisani na baada ya watu kumsubiri yeye. Aliwakumbusha wajumbe kwamba edir iliundwa ili kuzika wafu na kuwafariji wafiwa, si kuzika walio hai. Wajumbe waliitikia. Weyzero Zenebech hakuitikia.

KUMB. NA. 2/8/2015: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za mwezi wa Tikimt, ambapo iliamuliwa Weyzero Zenebech apumzishwe jikoni kwa muda, kwa kuwa ilisemekana tumbo la Ato Belihu humsokota kila anapokula msibani chakula kilichopikwa na mama huyo.

Weyzero Zenebech aliomba kusema, akasema kabla ya kuruhusiwa:

“Andikeni mlichokusudia! Mlisema nina jicho baya. Baba yangu alikuwa mhunzi, na mhunzi kwenu ni mwenye jicho, basi mimi nakula watu matumbo kwa kuwatazama. Miaka kumi na tisa nawapikia misibani, hilo jicho limeniota mwaka huu? Na huyo aliyesema hana jina?”

Mwenyekiti alisema yeye tangu mwanzo hakuamini. Katibu anaandika hivyo kwa kuwa ndivyo alivyosema. Weyzero Zenebech alimuuliza mbona basi, alipofiwa na mama mkwe wake, yeye Mwenyekiti alimletea Ato Belihu chakula kutoka hotelini. Mwenyekiti aliomba suala la jina lisubiri, wasikilize kwanza habari za hospitali. Kumbukumbu hazikuthibitishwa.

KUMB. NA. 3/8/2015: TUMBO LA ATO BELIHU

Ato Belihu alieleza kwamba kwa mwaka mmoja na nusu tumbo lake limekuwa likijaa, likinguruma na kumkata, likitulia tu akishakwenda chooni, na mara nyingine choo chenyewe kikikataa siku tatu. Katika misiba mitano mfululizo alitoka hemani katikati ya sala, watu wakanong’ona kwamba mtunza hema anaogopa majeneza. Hilo lilimuuma, lakini si kama jambo la pili. Marehemu kaka yake alikufa kwa saratani ya tumbo, naye alikwisha kujihesabu wa pili.

“Nilimwonyesha mke wangu shati la kunizikia,” alisema. “Jeupe, lile la ubatizo wa mtoto. Nilikuwa nimemaliza, jamani.”

Sista Emebet alieleza kwamba kwa sababu ya huyo kaka, madaktari hawakubahatisha. Ato Belihu alipelekwa Addis Ababa, akapimwa damu na choo, akaingizwa kamera tumboni, juu na chini. (Ato Belihu aliomba neno “chini” lisiandikwe. Mwenyekiti alikataa ombi.) Hakuna saratani. Hakuna kidonda. Alichonacho ni utumbo unaokereka upesi, maradhi yanayotesa sana lakini hayaui wala hayageuki kuwa saratani.

Mwenyekiti alifanya ishara ya msalaba mara tatu na kumkumbatia Ato Belihu, na miwani ya mmoja wao ikaanguka. Katibu naye alifurahi sana, maana amekaa jirani na Ato Belihu miaka thelathini, na anaona si vibaya iandikwe.

Mwenyekiti aliuliza, sasa chanzo ni nini. Sista Emebet alisema chanzo hasa hata madaktari wakubwa bado hawakijui. Kinachojulikana ni kwamba utumbo na ubongo huzungumza, na kwa watu kama Ato Belihu huzungumza kwa kupayuka: gesi kidogo tu, tumbo linapiga kelele kama limechomwa kisu. Wengine huanza baada ya kuharisha vibaya. Ato Belihu alikumbuka mara moja hija ya Kulubi ya mwaka juzi, alipokunywa maji ya mtaro njiani na kuugua wiki mbili. Sista Emebet alisema huenda ndipo mlango ulipofunguka. Hofu nayo huchochea, na mtu anayekula msibani huku akimkumbuka kaka yake hawezi kukosa hofu.

Kisha alitoa daftari ambalo Ato Belihu aliandika kwa wiki sita kila alichokula na kila alivyoumwa. Lilisomwa. Ilionekana kwamba huumia akila shiro, ule mchuzi wa unga wa dengu, hasa uliojaa vitunguu na saumu. Akinywa kahawa vikombe vyote vitatu vya desturi kabla ya kula. Na akishinda na njaa ya mfungo kisha akala kwa pupa. Msibani hayo yote hukutana chini ya hema moja.

“Lakini pia alikuwa anakula mkono wa Weyzero Zenebech,” Mwenyekiti alisema.

“Gashe, mzee wangu, soma Pasaka,” alisema Sista Emebet.

Mwenyekiti alisoma. Siku ya Pasaka Ato Belihu alikuwa Dessie kwa dada yake wa tumbo moja, ambaye alipika kuku kwa vitunguu vya kilo nne. Alilala chini siku mbili, vibaya kuliko msiba wowote. Debre Birhan na Dessie ni kilomita mia mbili na sabini; katibu alithibitisha.

“Jicho langu lina nguvu,” alisema Weyzero Zenebech. “Limepanda mlima Tarmaber lenyewe, bila nauli.”

Wajumbe walicheka, Ato Belihu zaidi, mpaka akashika tumbo na watu wakaingiwa na wasiwasi. Alisema ni kicheko tu.

Mwenyekiti aliuliza kama mgonjwa amekatazwa kahawa, maana ukimkataza Mhabeshi kahawa umekwisha kumzika. Sista Emebet alijibu kwamba hajakatazwa: kikombe kimoja, na asinywe tumbo likiwa tupu. Alionya pia kwamba orodha hiyo ni ya Ato Belihu peke yake. Tumbo la mwingine lina ugomvi wake, na atakayeona damu au kukonda asikae na daftari, aende hospitali.

Iliazimiwa kwa kauli moja Weyzero Zenebech arudishwe kwenye ukuu wa jiko leo hii, na sufuria dogo lisilo na kitunguu wala dengu lipikwe kila msiba.

KUMB. NA. 4/8/2015: JINA

Weyzero Zenebech alisema jiko analitaka, ila hajamaliza.

“Miezi saba hakuna aliyefungua mdomo nimlishe tonge kwa mkono wangu, kama ilivyo mila yetu. Mwajua mimi mtu wa kulisha. Kwenye ubatizo wa wajukuu wangu mwenyewe, mkwe wangu aligeuza uso. Nani alisema?”

Mwenyekiti alitazama dari. Ato Belihu alisema si yeye, yeye alilalamikia tumbo tu. Katibu aliacha kuandika kwa muda.

Mimi, Shimelash Teferra, ndiye niliyesema. Nilisema kwenye msiba wa Ato Lulseged, mbele ya watu wanne: “Kila akipika yule binti wa mhunzi, Belihu anatoka.” Nilisema kwa mzaha, na waliponisikiliza nikaona raha, nikasema tena. Nimefundisha watoto miaka thelathini na mmoja kutafuta sababu za mambo. Namwomba radhi Weyzero Zenebech, na naomba ukurasa huu usomwe mbele ya wanachama wote.

Weyzero Zenebech alisema, “Sasa pana mtu wa kusamehe.” Hakusema kama amesamehe.

KUMB. NA. 5/8/2015: MENGINEYO

Weyzero Zenebech alifunua kikapu alichokuja nacho: mkate wa injera na nyama ya kondoo ya kukaanga kwa tangawizi, bila kitunguu. Mwenyekiti alisema nyama bila kitunguu ni msiba mwingine, kisha akala kuliko wote. Ato Belihu alilishwa wa kwanza, akafumba macho, akatafuna, akasubiri. Tumbo lilinyamaza.

Kisha Weyzero Zenebech alimjia katibu, akamtia tonge moja mdomoni, akageuka. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba kwa mila tonge moja hugombanisha, na matatu ndiyo hupatanisha.

“Najua,” alisema. “Mwache akae nalo kidogo.”

Alikusanya vyombo, akafunga shuka, akafika mlangoni. Halafu alirudi, akamlisha katibu la pili, na la tatu.

Kikao kilifungwa saa sita na robo mchana.

........................................
Wondifraw Zeleke, Mwenyekiti

........................................
Shimelash Teferra, Katibu