Shangazi Kutoka Juu

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya kwanza studio. Bosi wangu anaitwa Lenzi, jina halisi hakuna anayelijua. Nimebeba stendi ya kamera na ngazi ya kukunja mpaka hospitalini. Shangazi yangu ndiye kiongozi wa wafanya usafi pale, na msemaji wa madai yao. Alieleza bila kutetereka: glavu hawapewi, na wawili wamechomwa na sindano zilizotumika. Lenzi alipanda ngazi akamrekodi kutoka juu. Kwa mkurugenzi wa hospitali akapiga goti, kamera ikamtazama kutoka chini. Nikadhani ni ufundi tu.

Jumatano, 6 Machi
Ufundi gani! Video imetoka. Maneno ya Shangazi yapo yote. Lakini yeye ni paji la uso na macho ya kuinua, kama anayeomba nauli. Mkurugenzi — mnara! Kasema "tunalifanyia kazi", basi, kaaminika. Hata kidevu chake kina cheo.
Jirani kaja kumpa Shangazi pole. Pole ya nini? Hakulia! Wenzake wawili wamejitoa kwenye madai, eti wameonekana ombaomba. Shangazi kaniuliza, "Hivi mwanangu, mimi ni mfupi vile?" Anamzidi baba urefu!
Na ile ngazi niliibeba mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia Lenzi. Yaani, nimeiambia meza yake, yeye akasikia. Kacheka. "Binti, kamera haina ubaya na mtu. Jifunze kukunja nyaya."
Haina ubaya! Nikapanda kiti, nikampiga picha kwa simu. Alipoiona: "Futa hiyo! Umenifanya katoto."
Sijafuta. Nyaya nimezikunja zote, kwa hasira.

Ijumaa, 8 Machi
Hospitalini tena. Leo Shangazi na mkurugenzi wanahojiwa pamoja. Nimewahi, nikaweka kamera usawa wa macho ya Shangazi, nikakaza skrubu mpaka vidole vikauma.
Lenzi kachungulia. "Nani kaishusha kamera yangu?"
Mkurugenzi anatazama saa. Shangazi ananitazama mimi.
"Mimi." Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.
"Haya, mjuaji. Kalete ngazi."
Naandika hapa koridoni. Ngazi ninayo — nimeikalia. Lenzi anaita. Namsikia Shangazi akimwambia, taratibu kabisa, "Mwache mtoto, baba. Sisi tuanze hivi hivi."
Anaita tena. Kwa jina langu kamili, sasa.
Sinyanyuki.