Zaburi Kichwa Chini

Jumanne, 5 Novemba 1846

Mgongo unauma. Magoti pia. Mwanafunzi wangu Rusko kanisomea Zaburi ya hamsini mwanzo hadi mwisho bila kukwama — huyo ndiye nitakayemtoa Ijumaa mbele ya wazee wa mji. Wanataka kuihamishia shule yetu mjini, wampe Neiko, mwanafunzi wangu wa zamani aliyerudi na vitabu vipya. Waje tu! Monasteri hii imefundisha watu kusoma miaka mia mbili. Mimi peke yangu, thelathini na moja.

Ijumaa, 8 Novemba. Sikukuu ya Malaika Wakuu

Aibu. Rusko alisoma vizuri, wazee wakaridhika. Neiko akainuka, akakigeuza kitabu kichwa chini miguu juu, akamwomba aendelee. Mtoto akaendelea! Neno kwa neno, kidole kikitembea juu ya mistari. Mzee Stamo alicheka hadi akapaliwa na maharage aliyokuwa akila. Akaniuliza, nafundisha watoto au chiriku?

Wamenipa hadi Jumatatu niwakabidhi watoto kwa hiari.

Jumamosi, 9 Novemba

Neiko hakuondoka. Alinikuta nachanja kuni, akanipokonya shoka. Nikamwambia asante ya punda ni mateke — miaka yote namtaja yeye kwa wageni! Hakukasirika.

“Baba, hata mimi nilikuwa hivyohivyo. Kusoma nimejua nina miaka kumi na tisa, ugenini. Hapa nilikuwa nakariri tu, na wewe unanizawadia tufaha.”

Inauma. Inauma kweli.

Kaniachia kitabu kidogo cha hadithi. Anasema twende tukafundishe pamoja mjini, ila kwanza nikae benchi na watoto, nijifunze njia yake. Mimi! Na ndevu hizi!

Jumapili, 10 Novemba

Nimewajaribu wote kumi na mmoja, nikiwapa kitabu kichwa chini. Waliokigeuza kitabu kikae sawa: wawili. Nimechoka.

Jumatatu, 11 Novemba

Tangu alfajiri niko na kile kitabu. Hakuna sentensi ninayoijua — naokota silabi moja moja, jasho linanitoka. Muuza chumvi kakutana na dubu darajani. Daraja jembamba. Dubu kasimama, kafungua mdomo — ukurasa umeisha! Kwenye Zaburi siku zote najua kinachofuata.

Baba mkuu wa monasteri kaniita mara mbili. Mzee Stamo yuko langoni, anataka jibu. Nimesema angoje. Kwanza nijue dubu kasemaje.