Machogu Amekula?

Kemunto, usinipigie. Siwezi kuongea, nitaandika tu.

Nimemwambia nyanya paka wangu mpya nimemwita Jethro, jina la marehemu babu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akaanza kusimulia huku anachambua mboga, kama mtu anayeeleza habari za jirani.

Mtoto wake wa kwanza, Machogu, alikufa kwa surua mwaka wa 1969, kule Ikonge. Na kwetu unajua, jina la aliyekufa hungoja mtoto mwingine azaliwe alichukue. Nyanya akangoja. Mimba haikuja.

Siku moja akichuma majani chai, kapaka kakatokea miguuni pake. Akaita tu, "Machogu." Kakamfuata mpaka nyumbani.

Paka, Kemunto. Jina la mtoto wake.

Babu hakumkataza. Kila jioni akirudi anauliza, "Machogu amekula?" Nyanya anajibu, "Amekula." Basi. Miaka hiyo yote, "Amekula."

1975 baba akazaliwa. Mama mkwe wa nyanya akaja, akampakata mtoto, akasema, "Machogu amerudi."

Nyanya akamjibu kutoka kitandani, "Machogu hakuenda popote. Yuko jikoni, amelala."

Yuko jikoni!! Ndiyo maana baba yangu ni Alfayo.

Nimemwambia pole, nitambadilishia paka jina. Ameendelea na mboga zake. Mimi nimekaa tu na huyu paka mapajani.

Sasa hivi nyanya ameinua kichwa, ameniuliza, "Jethro amekula?"