Usilimimine Galoni la Mjomba

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo? Nauliza hali yako wewe kwanza, si ya gari, maana ukoo huu umefika mahali pa kuulizana habari za injini kabla ya habari za mwili. Ule mgongo uliokusumbua umepoa? Mchana unakula, au bado unashindia chai na biskuti ukiwa umesimama? Na wale pacha waliokutoa jasho, wanaendeleaje na mama yao?

Sisi huku tu wazima. Mama yako, dada yangu, ana kikohozi kidogo anachokitunza kama mgeni wa heshima: hataki kukipa dawa, hataki kisemwe vibaya. Mimi bado naandika magazetini, bado natukanwa, na bado najibu. Juzi msomaji mmoja kaniandikia kwamba niolewe upya ili maneno yanipungue. Nimemjibu kwamba ndoa ya kwanza ndiyo iliyoniongezea.

Sasa swali lako. Ulinitumia ujumbe mfupi: nimimine au nisimimine? Usimimine, mwanangu. Hata tone.

Najua kwa nini unasita. Kwetu sisi, watoto wa dereva wa malori, anayenunua gari hapewi kadi ya pongezi. Mkubwa wa ukoo humpa galoni la oili nzito, na oili ya kwanza kumwagwa lazima ibadilishwe kwa hiyo. Marehemu babu yako alimpa mjomba wako, mjomba wako akanipa mimi, na sasa amekupa wewe, akalipakia kwenye basi na kumkabidhi kondakta kana kwamba anamkabidhi mtoto mchanga. Kulikataa galoni la mjomba wako, Tani Kumi, ni sawa na kukataa mkono wake.

Na tangu macho yamsaliti hashiki usukani. Galoni hilo ndiyo kazi pekee aliyobakiwa nayo katika magari ya ukoo huu. Hayo yote nayajua, wala siyadharau.

Lakini wewe ni mkunga. Unaitwa wakati wowote kwenda kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu, na barabara yenyewe uliniambia ni vumbi na makorongo. Gari hilo likikufia njiani, atakayejifungua peke yake ni mtu asiyejua hata kama tuna mjomba. Heshima ya ukoo haiwezi kulipwa na mgeni.

Tazama kifuniko cha pale unapomiminia oili, kwenye injini yenyewe. Ile picha uliyonitumia nimeikuza mpaka ikanionyesha: 0W-20. Galoni la mjomba ni 20W-50. Namba ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inawahi kufika. Ya pili inaeleza uzito wake injini ikishapata moto. Waliotengeneza gari lako waliacha humo ndani njia nyembamba, wakijua kitakachopita ni chembamba. Wewe ukipitisha kizito, unamlisha mtoto wa siku moja nyama ya kuchoma.

Fundi wako anasema nchi ya joto inataka oili nzito. Mwambie injini haijui kama nje kuna jua au mvua ya mawe. Ikishawaka ina moto wake wenyewe, na jua si kitu mbele ya moto huo. Hoja hiyo naisikia tangu utotoni, na kila anayeitoa huitoa akiwa amekunja mikono kifuani, dalili ya mtu asiyetaka kuulizwa swali la pili.

Na yule daktari unayefanya naye kazi usimsikilize. Eti kwa kuwa gari la haibridi linatembea nusu kwa betri, oili nayo inapumzika, basi uiache ikae mara mbili ya muda wake! Mtu kasomea moyo wa binadamu, anadhani anaruhusiwa kupiga ramli kwenye moyo wa gari. Injini ya haibridi huzimika na kuwaka, huzimika na kuwaka. Katika safari zako fupi haipati joto la kutosha kukausha unyevu na petroli vinavyochuruzika ndani ya oili. Oili haipumziki hapo, inachacha.

Nimekitafuta kitabu cha gari lako katika lugha ya kusomeka, maana kile kilichokuja nalo kina herufi ambazo hata mimi zimenishinda. Kinasema: kilomita elfu kumi au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Ila kwa safari fupi na barabara za vumbi, nusu yake: elfu tano au miezi sita. Wewe ni wa vumbi, kwa hiyo wewe ni wa nusu. Hesabu kilomita zote, za betri na za petroli, kama zinavyosomeka kwenye dashibodi. Nunua oili ya sintetiki ya namba hiyohiyo, dukani kwa mtu mwenye anwani, na kila ukimwaga oili badilisha pia filta, kile kichujio chake. Usimpe fundi nafasi ya kusema filta bado inafaa.

Hiyo ndiyo elimu. Elimu ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa mjomba wako.

Nilimpigia nikiwa na hoja zangu zote mkononi. Alinisikiliza, kisha akasema, "Wewe hata taa ya choo hujawahi kuibadili." Nikamwambia hoja haijibiwi kwa taa ya choo. Akasema magazeti hayana injini. Nikamwambia nayo malori yake hayakuwa na betri ya kuyasukuma. Akakata simu, na kwa muda mrefu hakupokea tena. Mama yako alitupigia wote wawili, kila mtu kwa zamu yake, akatuita watoto. Nina nywele nyeupe, mwanangu, na bado nikaitwa mtoto.

Ndipo nikamwazima mfamasia wa mtaani kwetu, yeye pamoja na haibridi yake, tukaenda hadi uani kwa mjomba wako. Nilimwahidi mfamasia kwamba sitagombana. Alicheka njia nzima.

Tani Kumi alikubali kukaa kiti cha mbele kwa shingo upande. Mfamasia akabonyeza kitufe.

"Washa basi," mjomba wako akasema.

"Limeshawaka, mzee."

"Limewaka wapi? Mimi nimeharibika macho, kijana, si masikio."

Gari likaanza kutembea polepole, kimya kama paka. Kaka yangu akashika mlango kwa mikono miwili. Nilikuwa kiti cha nyuma, na ulimi wangu ulikuwa unaniwasha kama upupu, lakini nikauuma. Tukafika kwenye ule mwinuko wa kutokea getini, mfamasia akakanyaga, na injini ikaamka ghafla, ikavuta.

Mjomba wako akainua kidole. "Hapo! Limeamka. Na limeamka mbio." Akaomba turudi nyuma, tupande tena. Na tena. Mara ya nne mfamasia alinitazama kwenye kioo kwa huruma, nikamwashiria aendelee.

Kisha akaomba tusimame. "Lori langu," akasema, "nilikuwa naliwasha asubuhi, naenda kunywa chai, nikirudi oili imeshapanda mpaka juu. Hili halina chai. Linatolewa kitandani linaambiwa pandisha mlima. Oili yangu itafika wakati mlima umekwisha."

Mwanangu, mimi nilimpiga kwa vitabu, kumbe masikio yake yalikuwa yamekaa tayari, yanangoja kupewa nafasi. Na siku hiyo sikubishana naye hata mara moja. Mfamasia ni shahidi yangu; mtafute umuulize, maana najua hutaamini.

Galoni ameshalitolea hukumu mwenyewe. Ameuliza kama pale kwenye kituo chenu cha afya mna jenereta, na kama ni ile ya zamani ya dizeli. Ukiona imeandikwa inataka oili ya uzito huo, ipe kwa jina la mjomba wako, umeme ukikatika mzalishe kwa taa za Tani Kumi. Ikiwa sivyo, liache tu nyuma ya mlango. Kwa gari lako ameshakuruhusu, kwa mdomo wake, mbele ya watu wawili. Ukiipata barua hii, mwaga oili ya zamani kesho yake, usingoje Ijumaa.

Mama yako anakusalimu na kukuagiza ulale. Mfamasia anakusalimu bila kukujua. Nisalimie mwenzako wa chumba, na hata yule daktari, mwambie simchukii, namhurumia tu.

Limebaki moja. Tulipokuwa tunaaga, mjomba wako alitusindikiza akipapasa ukuta, na pale getini akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kiberiti: "Sasa mimi ataniuliza nini?"

Mimi niliyewajibu mawaziri, jibu hili lilinijia tumeshafika nyumbani, na kwa sababu hiyo kuna kitu nimekiacha kwa makusudi katika barua hii: namna ya kupima oili kwa kile kijiti, gari lisimame vipi, usubiri kiasi gani, ufute mara ngapi. Hilo halijabadilika tangu malori ya babu yako, na hakuna anayelijua kama yeye. Mpigie siku hiyo ukiwa umesimama mbele ya injini, simu sikioni, kijiti mkononi. Mwache aseme mpaka amalize, hata akianzia mbali. Akikuuliza kama Mama Mdogo hajakufundisha, mwambie Mama Mdogo hajui.

Mungu akufikishe kila unapoitwa, na akurudishe salama.

Ni mimi nikupendaye, hata ninapogomba,
Mama yako mdogo,
Pilipili.