Jaketi Ninalolala Nalo

Dada Zuhura, shikamoo kutoka kwenye boti inayoyumba.

Leo siku ya sita tangu tutoke Dubai kufuata pwani hadi Maskati: madam, mumewe, nahodha, na mimi mpishi wao. Nakaanga samaki nimevaa jaketi la kuokolea, na kulala nalala nalo. Siku ya kuniajiri madam aliniuliza kama najua kuogelea. Nikamjibu, "Mimi mtu wa Unguja, madam!" Akacheka, yakaisha.

Sasa kasema kesho sote tunaruka baharini. Niko roho juu! Tungejifunzia wapi kuogelea, na mama akituchapa kila tukirudi na nguo zenye chumvi?

Mbusu mama, mwambie aniombee. Usimwambie tu kwamba nimeshajibu, "Inshallah, madam, mimi naruka wa kwanza."

Mdogo wako akupendaye,
Raya