Jina Langu Mlangoni

Mjukuu wangu Chebet,

Nyanya yako anakusalimu, goti lake limepata nafuu. Umeniuliza kama uandikishe ofisi ya wale wageni waliokuajiri kwa jina lako.

Miaka ya hamsini, kampuni ya ng'ambo iliniajiri niwe karani wa ofisi yake ndogo Kipkelion, ya kuonyesha wenye mashamba mashine za chai. Kwa kutaka sifa, nikaandika jina langu mlangoni. Mtu wa kodi akaja, akauliza, "Ofisi ni ya nani?"

"Ni yangu, bwana."

Akaandika hivyo hivyo. Kodi yote ikawa juu yangu, na kampuni haikutoa hata senti.

Baba hakunigombeza. Alitoa ng'ombe wawili bomani wakauzwe tulipe kodi, akaniuliza tu, "Sasa hiyo ofisi yako iko na maziwa?"

Alikufa kabla sijamjibu.

Kugo wako